Lengalenga Chini ya Turubai

Kwenye avenyu yetu hapa Musonoi, ukitaka kamba ya kushukia shimoni utaipata kabla hujamaliza kuiulizia. Tochi ya kufunga kichwani, kuna maduka manne yanayoiuza na yote yanadai ndiyo ya asili. Sardini za kopo, biskuti, maandazi ya juzi, pombe ya pakiti, soda zenye rangi ambazo hakuna tunda lililowahi kuwa nazo: vyote viko hatua kumi kutoka mlangoni. Lakini ukiomba fungu moja la lengalenga, ule mchicha wetu, muuza duka atakuuliza kama umetoka safari.

Simlaumu. Wateja wake ni wachimbaji, nao hula wakiwa wamesimama, na mboga haitaki mtu aliyesimama. Inataka sufuria, mkaa, na mtu wa kukaa nayo.

Zamani kila nyumba ya hapa ilikuwa na bustani nyuma. Kisha watu wakagundua kwamba chini ya nyanya kuna kobalti, na nyanya hazikupata mtu wa kuzitetea. Mashimo yakachimbwa, udongo mzuri ukafukiwa na ule wa chini, malori yakaanza kupita na vumbi lao. Wapo wanaolima bado kule bondeni, kwenye kijito kinachopita chini ya machimbo. Mboga zao zina majani makubwa yanayong'aa. Nilinunua mara moja, nikaziosha mara nne, na maji ya mara ya nne yalikuwa sawa na ya kwanza. Nikampa mbuzi wa jirani. Huyo mbuzi alinusa, akaondoka, na jirani akasema nimemtukana mbuzi wake.

Mama Honorine ndiye aliyekuwa akituletea mboga safi kwa baiskeli. Aliacha. Alisema akifika kwetu kapu lake lote limekwisha kuwa na rangi ya barabara, na wateja wanalifuta kwa kidole, wanasikitika, halafu wananunua biskuti.

Jina langu ni Domitille, lakini hapa wote huniita Mama Marlène. Marlène ni binti yangu wa kwanza. Alifariki miaka minne iliyopita siku ya kujifungua. Aliingia akiwa na upungufu wa damu, hata hiyo kidogo ikamtoka, na ya kumwongezea ikachelewa. Kwa hiyo kila siku, mara ishirini, watu wananiita kwa jina lake ili kuniuliza kama nina kiberiti. Nimezoea. Hapana, sijazoea, ila naitika.

Basi mdogo wake, Glodie, alipopata mimba, nilimpeleka mwenyewe kituo cha afya. Mumewe Mwamba anachimba upande wa Fungurume na hurudi pale anapokumbuka njia. Glodie alikuwa mwezi wa tano. Muuguzi Odile alimvuta kope la chini akalitazama, akamtoboa kidole, akasoma namba, kisha akanitazama mimi badala ya mgonjwa. Damu ilikuwa nane. Akampa vidonge, akauliza anakula nini. Glodie, ambaye hajui kusema uongo kwa watu waliovaa nyeupe, akajibu: bukari, ndiyo ugali wetu, na sardini, asubuhi maandazi, na soda akisikia kichefuchefu.

Odile akafunga daftari lake.

"Mama Marlène, kidonge peke yake haitoshi. Huyu mutoto anapashwa kula mayani ya kijani kila siku, na maharagi. Mumurudishe nyuma ya semaine kumi. Kama damu haiyapanda, mi siwezi kumuzalisha hapa. Na mu ville, wewe unajua venye inakuwaga."

Najua inavyokuwaga huko mjini: damu huchelewa. Nilitoka pale nikihesabu zile wiki kumi kwa vidole, na Glodie akanishika mkono yeye, mgonjwa, akiniongoza mimi, mzima.

Jumamosi nilikwenda soko la Manika kwa taxi-moto, yaani pikipiki ya abiria. Mboga zilikuwepo, nzuri, za kila aina. Nikarudi na mafungu matatu, na nauli ikawa imekula fungu la nne na la tano. Kufikia Jumatatu yalikuwa yamelala, na friji si kitu cha kutaja, maana umeme wa kwetu huja kusalimia tu. Kila siku Manika sikuweza. Basi nikafikiria kwamba kama mboga haziwezi kuja Musonoi, labda udongo unaweza.

Kaka yangu mkubwa, Yaya Mulumba, ana shamba njia ya Nzilo. Katikati ya mahindi yake kuna kichuguu kikubwa kuliko nyumba yake, na kwa miaka kumi amekuwa akimwomba kila mwanamume mwenye koleo aje amsaidie kukisawazisha. Udongo wa kichuguu ni mtamu kwa mboga, kila mkulima wa huku anajua. Nikamtuma Gael, yule wa taxi-moto, akaniletea magunia sita kwa safari tatu, mchana kweupe. Magunia yenyewe yalikuwa yale yale ya kubebea madini, kwa sababu hapa hakuna mengine. Nikamwaga udongo nyuma ya nyumba juu ya plastiki nene, ili mizizi isishuke kwenye uchafu wetu, nikapanda mbegu, na kwa ajili ya vumbi nikainua juu kwa miti minne turubai la rangi ya chungwa. Hapa hakuna rangi nyingine.

Sasa, mtu wa kwingine angesema: mama amelima bustani. Mtu wa Musonoi hasemi hivyo. Kwetu turubai la chungwa nyuma ya nyumba lina maana moja: mwenye nyumba amefungua shimo kwenye uwanja wake na hataki ulione. Na magunia huonekana yakitoka Musonoi. Yakionekana yakiingia, watu huacha kazi zao.

Wa kwanza kuja alikuwa Tata Baudouin, jirani yangu, mkuu wa kundi la wachimbaji, mume wa Mignonne na mwenye yule mbuzi. Tangu habari ya mbuzi hakuwa amenisalimia. Siku hiyo alinisalimia mara tatu, akaniletea chupa mbili za soda kwa ajili ya Glodie. Aliuliza hali ya mgongo wangu, hali ya paa, hali ya kaka yangu, na mwishowe, akitazama mawinguni, hali ya turubai.

Nikamwambia ukweli wote. Ni udongo wa kichuguu, napanda lengalenga, binti yangu hana damu. Tata Baudouin alicheka mpaka akashika ukuta. Akasema ananiheshimu sana, kwamba yeye mwenyewe katika maisha yake hajawahi kusikia uongo uliopangwa vizuri namna ile. Nikamfunulia turubai aone miche. Akachuchumaa, akaitazama, akakonyeza jicho. Hata miche, alisema. Umeweka hata miche.

Mkuu wa avenyu akaja kuuliza sehemu yake. Wanunuzi wawili wa depo la madini wakapita, wakaacha namba zao za simu. Nilimwambia kila mmoja ukweli ule ule, na kadiri nilivyousema ndivyo udongo wangu ulivyopanda thamani.

Jumapili ya pili nilitoka misa nikakuta turubai limekunjwa vizuri pembeni. Udongo wote umechotwa, magunia yote sita, pamoja na plastiki. Miche yangu ilikuwa imelazwa kwenye ngazi ya mlango, safu moja, mizizi juani. Walioiba walikuwa na adabu.

Nililia. Nasema wazi, nilikaa chini mbele ya ile miche nikalia kwa sauti, na sikulilia mboga. Zilikuwa zimebaki wiki nane turudi kwa Odile, na binti yangu alikuwa amesimama mlangoni akiwa na midomo iliyokosa rangi, akiniambia mama nyamaza, tutapanda tena.

Jumatatu alfajiri Dimitri akabisha hodi. Ni kijana wa kundi la Baudouin, mrefu, mpole, si mwerevu sana. Baudouin mwenyewe alikuwa nyuma yake, akijifanya anapita. Nilidhani wamekuja kuomba msamaha, na nilikuwa nimeshika mwiko. Kumbe walikuja kuuliza. Walikuwa wamepeleka magunia depo, mnunuzi ameelekeza mashine yake ya kupimia, na mashine imesema hakuna kitu. Imesema mara tatu. Mnunuzi amewafukuza na kumwaga udongo barabarani. Sasa Dimitri alitaka kujua, kwa heshima zote, mimi nilikuwa najua nini ambacho mashine haijui.

Hapo ndipo hasira yangu ilipokaa chini ikaanza kufikiri.

Kila mtu wa nchi hii ya shaba anajua kwamba kuna ua dogo la zambarau ambalo huota penye shaba, na kwamba watu wa kale walilifuata hilo kabla mashine hazijazaliwa. Na kila mchimbaji anajua kwamba mchwa hupandisha juu kilicho chini. Haya mawili ni kweli. La tatu nililiongeza mimi.

"Mashine inasomaka majiwe," nikawaambia. "Udongo ya kichuguu haiko jiwe. Muchwa anapandisha ile kitu kidogo kidogo, kama unga, mashine itaiona wapi? Bitu bya hivi banapimaka na mayani. Unapanda lengalenga, unaachia muzizi ikunywe. Kama mushipa ya mayani inakuwa nyekundu, kiko kitu. Kama inabakia kijani, unakata, unapanda tena."

Baudouin aliacha kujifanya anapita.

Nikawapa masharti, na kila sharti lilikuwa halali kabisa kwa mkulima. Udongo utoke kwenye kichuguu kile kile cha kaka yangu, usichanganywe na wa hapa hata kiganja. Chini plastiki, juu turubai, vumbi lisiguse. Maji yatoke bomba la parokia, asubuhi na jioni, ya kijitoni yanaharibu kipimo. Baada ya wiki tatu majani yakatwe, yaletwe kwangu niyatazame mishipa, maana jicho la kutazama mishipa ninalo mimi peke yangu. Na la mwisho, nililolitupia nikiwa tayari nimegeuka: yasiliwe. Majani ya kipimo hayaliwi. Nilitaka yanifikie yote.

Walikwenda Nzilo wanaume kumi na mmoja, wakakaa siku tatu. Yaya Mulumba alinipigia simu, sauti imejaa kicheko, akaniuliza nimewaambia nini watu hawa, maana wanabeba udongo wake huku wanamshukuru. Nikamwambia awape maji ya kunywa na asiulize. Kichuguu cha miaka kumi kilikwisha siku tatu, na mahali pake kaka yangu amepanda karanga.

Mwisho wa wiki ile avenyu yetu ilikuwa na maturubai ya chungwa nyuma ya nyumba kumi na mbili, yangu ikiwemo, maana nilidai magunia yangu sita na wakayaleta wenyewe mgongoni. Ungewaona. Wanaume wenye mikono ya nyundo wamechuchumaa na makopo ya maji, wanamwaga tone kwa tone. Dimitri aligombana na mwenzake mmoja kuhusu kivuli, wakaacha kusemeshana siku mbili. Nilimkuta Tata Baudouin anang'oa miche iliyosongamana kwa vidole viwili, ulimi umetoka nje, akinieleza mimi kwamba ikibanana haipumui. Nikamshukuru kwa kunifundisha.

Wiki ya tatu baada ya kupanda, majani yakaanza kuja. Yalikuja yamefungwa kwenye magazeti, chini ya makoti, kwa njia za nyuma. Nilipokea kila fungu, nikachagua jani moja, nikaliinua juani, nikavuta pumzi. Kijani, nikasema. Bado. Wakaenda kupanda tena, na mimi nikaenda jikoni. Glodie alikula lengalenga kwa karanga, lengalenga kwa nyanya, lengalenga kwa maharagwe, bukari kidogo pembeni. Alikuwa anacheka na kuogopa kwa zamu. Alisema siku wakijua, atazaa mtoto asiye na bibi.

Mafungu yalikuwa madogo kuliko nilivyotarajia. Nilidhani ni udongo umewekwa mwembamba. Nikawagombeza wamwage zaidi.

Wiki ya kumi tukarudi kituo cha afya. Odile akavuta kope, akatoboa kidole, akasoma. Akasoma tena, akaniletea kile kikaratasi karibu na macho. Kumi na nusu. Utazalia hapa, akamwambia Glodie, tena utazaa vizuri. Nilishika ukingo wa meza. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila neno isipokuwa hilo, na furaha ilinikuta sina pa kuiweka.

Ndipo Odile akasema jambo la pili, akiwa anaandika. Kwamba avenyu yetu inamshangaza. Wiki ile peke yake wamekuja wajawazito watatu wa kwetu, wote damu imepanda. Na watoto wadogo, ule utepe wa kupimia mkono, waliokuwa kwenye rangi ya njano, ile ya kukosa lishe, sasa wako kwenye kijani. Hata wale watatu wa Mignonne.

"Munakulaka nini kule kwenu?"

Nilikuwa tayari napiga hesabu. Bustani kumi na mbili, udongo ule, maji yale. Si udongo uliokuwa mwembamba. Nilikuwa naletewa nusu. Furaha yangu yote ikageuka moto, maana mimi ni mtu wa namna hiyo. Nilitembea mpaka nyumbani bila kungoja taxi-moto, Glodie nyuma yangu ameshika tumbo akiniomba nipunguze mwendo. Sikwenda kwangu. Nilikwenda moja kwa moja jikoni kwa Mignonne, sikupiga hodi, nikainua kifuniko cha sufuria yake.

Lengalenga. Imepikwa vizuri, kwa karanga. Watoto wake watatu walikuwa kwenye mkeka na sahani, wakanitazama. Mignonne hakushtuka. Aliendelea kusonga bukari, akasema nilikuwa nimechelewa, alinitegemea tangu wiki iliyopita.

"Banaume njo banaamini mambo ya muchwa," akasema. "Shiye tuko na macho, mama. Tulijua tangu siku ya kwanza. Nusu tunapika, nusu tunakuletea."

Nikamuuliza kwa ukali kwa nini basi hawakusema.

"Na kama ningesema ni bustani, Baudouin angebeba udongo? Miaka sita minamulomba gunia moja. Moja tu, nipandie batoto mboga. Anasema mugongo inamuuma." Akageuza bukari kwenye sahani, akailainisha kwa kijiko, kisha akaniangalia usoni kwa mara ya kwanza. "Lakini minataka kukuuliza kitu moja, Mama Marlène. Sababu ya nini ulisema tusikule?"

Aliuliza bila hasira, na hilo ndilo lililonimaliza. Huyu mwanamke amekuwa jirani yangu miaka yote hii. Siku ya Marlène yeye ndiye aliyefua shuka. Watoto wake walikuwa kwenye njano, upande wa pili wa ukuta wangu, na mimi nilikuwa nimewazungushia mboga sharti ili zisiwafikie. Niliona aibu hadi masikio yakawa moto.

"Niliogopa haitatosha," nikamwambia.

Mignonne akanisogezea kigoda kwa mguu, akaniwekea sahani, na Glodie akaketi mkekani na watoto. Nikala. Mtoto wa mwisho alinitazama kila tonge, kuhakikisha simalizi.

Tulikuwa bado tunakula Tata Baudouin alipoingia na mabuti yake, uso wa mtu mwenye siri, na fungu chini ya koti. Alifurahi kunikuta, maana nimemwokolea safari ya kuja kwangu kwa njia ya nyuma. Akanipa jani. Mignonne akaacha kutafuna. Nilikuwa na ukweli mdomoni, tena wote, kama ule wa siku ya kwanza. Nikaligeuza jani kwenye mwanga wa mlango. Chini kabisa, kwenye shina, kulikuwa na wekundu kidogo, ule ulio kwenye kila lengalenga tangu dunia iumbwe.

"Tata Baudouin, hapa chini inaanza," nikasema. "Mwangia mayi mwezi moja tena. Muambie na bengine. Na tangu leo musiniletee tena. Kila mama mu nyumba yake njo atatazama mushipa, nitabafundisha miye mwenyewe. Akimaliza kutazama, apike, batoto bakule."

Akauliza kwa wasiwasi kama kula hakutaharibu kipimo.

"Kutupa njo kunaharibu."

Alitafakari, akaona lina maana. Mkewe alimpokea lile fungu bila kuinua macho. Baudouin akachukua ndoo mbili kubwa nyuma ya mlango akatoka haraka, akisema lazima awahi bomba la parokia kabla Dimitri hajafika.